Mchanga Uliondoka, Mama Reki Akabaki

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kabla hajavaa glavu wala kushika reki, Mama Reki anasimama juu ya ukuta wa bahari na kuhesabu vidato vya ngazi. Anahesabu kwa kidole, kutoka juu kwenda chini, midomo ikicheza. Akifika kwenye mchanga ananyamaza, kisha anaanza upya kwenye moja, kama mtu asiyeyaamini macho yake.

"Saba," anasema, na uso wote unakunjuka. "Saba kamili! Jana ilikuwa saba na kipande."

Ngazi hii ya zege ina vidato kumi na sita. Inaanzia barabarani, mkabala na duka la vifaa vya umeme, na kushuka hadi pwani. Vidato saba ndivyo vinavyoonekana. Tisa vimelala chini ya mchanga, na kwa mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita hakuna habari njema kuliko hiyo. Miezi mitano iliyopita vilionekana kumi na tano, na yeye alikuwa na barua mkobani inayomwambia kwamba kazi imekwisha.

Leo saa nne anatakiwa ofisini kutia saini karatasi aliyoingojea miaka kumi na minne: ajira ya kudumu. Lakini saa nne bado iko mbali na takataka ziko karibu. Anateremsha toroli kidato kwa kidato, huku akilisemesha.

"Taratibu, mwenzangu. Usiniaibishe mbele ya mgeni aliyekuja kuniandika."

Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko limebaki. Mtaa mzima unamwita Mama Reki, kwa sababu reki yake haiazimwi. Ameibadilisha mpini mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, na mumewe, fundi viatu mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, ana malalamiko yake juu ya jambo hilo.

"Mimi nikiugua atanipa dawa," anasema. "Reki ikiugua hali chakula."

Eneo lake ni mita mia nane, kuanzia mdomo wa mtaro wa maji ya mvua hadi kwenye miamba myeusi. Anaokota vipande vya chupa, kamba za nailoni, mifuko, na viatu vya mguu mmoja mmoja ambavyo hakuna ajuaye wenzake wamekwenda wapi. Viatu hivyo havitupi. Anavipeleka kwa mumewe, ambaye hukata soli zake na kuzibia viatu vya wateja.

"Kuna mheshimiwa mmoja hapa mjini anatembelea soli iliyotoka baharini," Mama Reki anasema kwa sauti ya chini, ingawa pwani nzima hakuna mtu. "Simtaji. Ana kiburi sana."

Mshahara wake, anasema, unatosha unga, mafuta ya kula na karo ya mtoto mmoja. Watoto ni watatu. Wawili waliobaki wanasomeshwa na visigino vya watu.

Alianza kazi hii baada ya kuchoka kufua nguo za nyumba za watu. Baraza la mji lilikuwa linatafuta mfagiaji wa ufuo kwa mkataba wa miezi mitatu, na yeye akajiambia miezi mitatu si haba. Ilipokwisha akapewa mingine mitatu. Hadi mwaka huu alikuwa ametia saini mikataba hamsini na mitano, na kabla ya kila saini alikosa usingizi wiki nzima.

"Hamsini na mitano," anarudia. "Hata ndoa nilitia saini mara moja tu, na nimekaa."

Ndani ya chumba kidogo cha vifaa, kilichojengwa ubavuni mwa ukuta wa bahari, kuna kitu ambacho kwa miaka mingi hakikuonwa na mtu mwingine. Ni safu za namba zilizochorwa kwa msumari juu ya lipu, kila safu mwaka mmoja, kila namba mwezi mmoja. Saba. Saba. Nane. Kumi. Kumi na moja. Tisa. Saba. Katika safu ya sita kuna pengo la miezi mitatu.

"Hapo ni kitinda mimba wangu," anasema na kuligusa lile pengo kwa kidole. "Nilikwenda kujifungua."

Namba hizo ni vidato vilivyoonekana kila tarehe mosi. Hakuzichora kwa ajili ya elimu, anasisitiza, bali kwa ajili ya mgongo. Vidato vikiwa vingi, toroli lina safari ndefu ya kupanda na kushuka, na mgongo unalipa. Alitaka kujua miezi mibaya ni ipi, ili mwezi huo ajaze toroli nusu.

Siri yake ya pili nayo ilizaliwa na mgongo huo huo. Kila mwaka, msimu wa upepo mkali, bahari hutupa mwani nchi kavu, marundo kwa marundo, yanayofika magotini. Amri ilikuwa mwani wote upandishwe juu, ukachukuliwe na lori. Mwaka wake wa pili alipandisha kwa siku nne. Siku ya tano alitazama kushoto, akatazama kulia, akausukuma uliobaki chini ya ukuta na kwenda zake nyumbani.

"Wengine wananiita mtaalamu siku hizi," anasema, akicheka mpaka anajishika kiuno. "Utaalamu gani? Ulikuwa uvivu mtupu, baba! Nilikuwa nimechoka."

Alirudi akiwa na wasiwasi wa kugunduliwa. Mwani ulinuka siku sita hivi, ukakauka, kisha upepo ukaanza kuurushia mchanga. Baada ya wiki tatu rundo halikuonekana tena. Mahali pake palikuwa na kilima kidogo cha mchanga, na kidato kimoja cha ngazi kilikuwa kimemezwa. Tangu hapo kila msimu alichambua plastiki kwa mkono, akautoa mwani peke yake na kuulaza chini ya ukuta. Hakumwambia mtu.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka alipokuja msimamizi mpya wa usafi.

Ni kijana wa miaka thelathini na tatu, nadhifu, mwenye futi ya chuma kiunoni saa zote, na ndiyo maana wafanyakazi walimpa jina la Bwana Mita. Alipima mapipa, alipima mifagio, alipima kivuli cha mti ulio mbele ya ofisi. Si mtu mbaya. Mama Reki mwenyewe anamtetea.

"Ana mapenzi na usafi kama mimi," anasema. "Tofauti ni kwamba yeye aliupenda kabla hajaujua."

Bwana Mita alileta trekta lenye meno ya chuma nyuma. Lilipita ufuoni kila siku ya Mungu na kuzoa kila kitu: plastiki, vijiti, na mwani wote hadi unyuzi wa mwisho. Ufuo ukang'aa kama sahani. Watu walikuja kupiga picha za harusi, na picha mojawapo ilitundikwa ofisini. Mama Reki alijaribu kusema neno kuhusu mwani. Akajibiwa, "Mama, huo ni uchafu, na sisi hapa ni idara ya usafi." Akalifuata trekta na reki yake kama mkia.

Kisha ikaja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na safari hii ikaja pamoja na upepo. Kwa siku tatu mawimbi yaligonga ukuta hadi madirisha ya duka la umeme yakatikisika. Siku ya nne, Jumatatu, Mama Reki alifika na toroli lake, akatazama chini, na akadhani amekosea ngazi.

Mchanga haukuwepo.

Palikuwa na mawe, tope la kijivu, bomba kuukuu lenye kutu ambalo hajawahi kuliona, na vidato kumi na tano vilivyosimama wazi. Mita mia nane nzima zilikuwa zimekwenda na maji.

"Nilikaa kwenye kidato cha kwanza nikalia," anasema. "Sikuona haya. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukakuta vyombo vyote vimehamishwa na hujaachiwa hata kijiko."

Bwana Mita alikuja saa mbili. Alivuta futi yake, akatazama huku na huku akitafuta pa kuishikiza, akairudisha kiunoni. Siku mbili baadaye barua ilifika. Ilisema kwamba kwa kuwa mji hauna tena ufuo, nafasi ya mfagiaji wa ufuo haina kazi, na mkataba wa hamsini na tano, uliobakiza wiki tatu, hautaongezwa.

Kitumbua cha mtu huharibika kikiingia mchanga. Chake kiliharibika mchanga ulipotoka.

Jioni ile aliipeleka barua kibandani kwa mumewe. Fundi aliisoma akiwa na misumari midomoni. Alipomaliza aliitema misumari kiganjani, akachukua kiatu kilichobanduka soli na kukiinua juu.

"Mama watoto, hiki ni nini?"

"Kiatu."

"Soli kina?"

"Hakina."

"Basi nenda ukawaambie."

Hakwenda mara moja. Kwanza alirudi kazini. Takataka, anasema, hazikusoma ile barua. Zilikuja vile vile, tena safari hii zilinasa kwenye mawe na kuzama topeni, na reki haikufaa kitu. Aliokota kwa mkono. Tope lilimfika kwenye mashavu ya miguu na lilimvua viatu mara mbili. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akanawa miguu, akapanda ghorofa ya pili kwenye ofisi ya mwanasheria wa baraza.

Mwanasheria ni dada mmoja mpole, mwenye miwani na mafaili yanayomzidi kimo. Aliusoma mkataba, ambao umeandikwa kwa Kiingereza, akausoma tena, kisha akamwita Bwana Mita. Ndipo Mama Reki alipopata somo ambalo leo analisimulia kila anapopata msikilizaji.

"Kwenye karatasi, Bwana Msimamizi ana haki," mwanasheria alianza. "Mkataba umesema 'beach'. Hiyo ni sehemu ya mchanga au kokoto ambazo mawimbi yamezilundika. Zikiondoka, kweli haipo. Lakini sheria ndogo ya baraza, ile inayotuagiza kusafisha, haikutumia neno hilo. Imesema 'shore'. Huo ni ukingo wote, pale bahari na nchi kavu zinapokutana. Uwe mchanga, uwe mwamba, uwe tope, ni huo huo."

"Dada," Mama Reki akadakia, "huo wa kwanza sisi tunauita ufuo. Wa pili ni pwani. Ufuo umekwenda, nakubali, nimeulilia. Lakini pwani nimeiacha sasa hivi, na tope lake hili hapa kwenye kucha."

Akanyanyua mguu kuonyesha. Mwanasheria alicheka. Bwana Mita hakucheka.

"Sawa," akasema Bwana Mita. "Tuiite pwani. Lakini mfagiaji atafagia nini kwenye mawe? Mchanga umekwenda. Nitaliambia nini baraza, kwamba tunamlipa mtu kuutazama ulikokwenda?"

Lilikuwa swali la haki. Maneno mawili ya Kiingereza yalikuwa yamemfungulia mlango, lakini hayakuwa yamemkaribisha ndani. Hapo Mama Reki aliwaomba wote wawili wateremke naye hadi chumba cha vifaa.

Walisimama mbele ya ule ukuta robo saa nzima. Aliwaeleza namba moja moja. Safu hii namba ilipanda hadi kumi na moja, ikarudi saba. Safu ile kumi na mbili, ikarudi nane. Mchanga, aliwaambia, huondoka karibu kila mwaka, na kila mwaka hurudi ndani ya miezi minne au mitano, kwa sababu hukuta mahali pa kushika. Namba za juu kabisa zilianza mwaka wa trekta. Halafu, kwa kuwa alikuwa hana tena cha kuficha, akakiri kosa lake la miaka kumi na miwili: mwani, chini ya ukuta, bila ruhusa.

"Hapo," anasema, "nilikuwa natoa ushahidi wa kujiokoa na wa kujifunga kwa wakati mmoja."

Mwanasheria alipiga picha. Bwana Mita alitoa kijitabu na, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akanakili vipimo vya mtu mwingine. Walipofika juu akasema, "Mama, ungeniambia." Naye akamjibu, "Nilikuambia, mwanangu. Ulikuwa juu ya trekta."

Walikubaliana hivi: trekta lipumzike, mwani ubaki, na yeye apewe miezi mitatu ya mwisho, safari hii kwa kazi ya kusafisha pwani. Mchanga ukirudi, baraza litafikiria ajira ya kudumu. Usiporudi, ataaga.

"Sikuwaahidi mchanga," anasema. "Mchanga si wa mama yangu. Niliwaahidi mwani."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Mwani ulinuka, wapita njia walifunga pua, na mwenye duka la umeme aliandika barua mbili za malalamiko. Tarehe mosi alihesabu vidato kumi na tano. Nyumbani alikuwa mkali, akagombana na sufuria. Mwezi wa pili alihesabu kumi na nne, na usiku ule fundi viatu alinunua soda kwa nyumba nzima kusherehekea kidato kimoja.

Halafu, katikati ya mwezi wa tatu, ikaja wiki ya maji mafu, bahari imetulia tuli, upepo mwanana ukitoka majini. Jumatano vilionekana kumi na mbili. Jumamosi tisa. Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikwenda kutazama na kumkuta Bwana Mita peke yake kwenye ngazi, amekunja suruali, futi ameiacha nyumbani, anahesabu kwa kidole.

"Alikuwa amekosea," anasema Mama Reki kwa furaha isiyofichika. "Alianza na moja kwenye kidato cha pili. Nikamfundisha."

Leo, saa nne na dakika kumi, Mama Reki ameketi ofisini akiwa amevaa blauzi iliyopigwa pasi na viatu ambavyo mumewe alivishona upya jana. Mbele yake kuna karatasi za Kiswahili, kurasa nne. Cheo kimeandikwa kwa herufi kubwa: MHUDUMU WA PWANI. Anakisoma kwa sauti, mara mbili. Bwana Mita, aliyesimama mlangoni, anajifanya anatazama dari.

Anasoma kila mstari kwa kidole, wala hana haraka. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kinasimama.

"Siku ishirini na nane za nini hizi?"

"Za likizo, Mama," anajibu mwanasheria. "Kila mwaka. Unapumzika, na mshahara unalipwa kama kawaida."

"Nikiwa nimekaa tu?"

"Ukiwa umekaa tu."

Mama Reki anamtazama mwanasheria, anamtazama Bwana Mita, kisha anaanza kucheka. Anacheka mpaka machozi yanamtoka, na karani wa chumba cha pili anachungulia kuona kuna nini. Anatia saini huku mabega bado yanatikisika, na saini inatoka imepinda. Mwanasheria anasema haidhuru.

Njiani kurudi anapitia kibandani. Fundi viatu ana mteja, lakini anamwacha na kiatu kimoja mguuni ili aisome ile karatasi tangu mwanzo hadi mwisho. Akimaliza anaikunja polepole na kuirudisha kwa mikono miwili.

"Likizo," anasema. "Sasa utakwenda wapi, mheshimiwa?"

Amekwisha kulifikiria njia nzima.

"Pwani," anasema. "Lakini nitakwenda saa nne, jua limepanda, kama watu wengine. Nitavaa gauni langu la maua. Nitatandika shuka mchangani, nitalala chali, na sitaokota kitu."

"Hata mfuko?"

"Hata mfuko."

"Hata kizibo cha soda?"

Mama Reki anasita. Mumewe anamgeukia mteja wake. "Nampa dakika kumi," anasema. "Tena nimemhurumia."

Mteja anacheka. Mama Reki naye anacheka, kisha anasogea karibu na meza ya mumewe na kusema kwa sauti ya chini kidogo.

"Ndiyo maana utafunga kibanda uje na wewe. Ulale pembeni yangu. Nikinyoosha mkono kuokota kitu, uushike."

Fundi viatu anatazama chini. Anafuta gundi vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Ni tarehe ngapi?" anauliza. "Niwaambie wateja mapema."